Safari ya Miguu Mpaka Karema

Nataka kuwasimulia habari ya safari niliyoifanya kwa miguu mwezi wa Agosti mwaka 2023, mimi na wenzangu wawili, kutoka Mpanda kwenda Karema, na habari ya daftari la ahadi nililolichukua mkobani. Sisimulii kwa kujisifu. Mtakapofika mbele mtaona wenyewe ya kuwa sina cha kujisifia.

Kwanza nieleze sababu. Kijijini kwetu tuna zahanati. Mganga yupo, mkunga yupo, na dawa hupatikana mara nyingi. Lakini vitongoji vyetu vimetawanyika katika miombo, na vingine viko ng'ambo ya mto, na mto huo wakati wa masika haumjali mtu. Mwaka 2021 mdogo wake mke wangu alishikwa na uchungu usiku. Mumewe akampakia juu ya baiskeli, ndugu wawili wakisukuma, mmoja akimulika kwa simu. Mtoto alizaliwa njiani chini ya mninga, mvua ikinyesha, wala hakulia. Mama mtu alipona. Tangu siku ile nyumbani kwangu mvua ya usiku hatuifurahii kama zamani, ijapokuwa sisi ni wakulima.

Basi wazee wa kijiji wakakata shauri kujenga nyumba ya vyumba viwili karibu na zahanati, ili akina mama wa mbali waje kungoja humo majuma mawili kabla ya siku zao. Matofali tuliyafyatua na kuyachoma wenyewe. Wanawake walichota maji, watoto wa shule walibeba mchanga, fundi akajenga kwa ujira mdogo. Kuta zikasimama. Zikasimama hivyo hivyo mwaka mzima bila mabati, hata mbuzi wakazoea kulala ndani, wakawa wenye nyumba.

Shuleni kwetu yuko mwalimu kijana, mtu mpole mwenye kupenda michezo. Siku moja alikuja kwangu jioni akasema, "Mwalimu, shikamoo. Fedha za mabati nimeziona." Nikamwuliza, "Ziko wapi?" Akanijibu, "Ziko miguuni mwetu." Nikadhani ananitania.

Akanieleza ya kuwa siku hizi ni desturi katika nchi nyingi mtu kujitia katika kazi ngumu ya mwili, kama kukimbia mbali, au kupanda mlima, au kuendesha baiskeli siku nyingi, na wengine huahidi fedha kwa kadiri atakavyofika. Fedha hizo hazimpati yeye, huenda kwa wagonjwa au kwa wahitaji wengine. Jambo hili halikuwa geni kabisa kwangu, maana nilikuwa nimesikia habari za Mlima Kilimanjaro. Mgodi wa dhahabu wa Geita umeendesha upandaji wa namna hiyo tangu mwaka 2002, kuchangia vita ya kupigana na UKIMWI. Mwezi wa Machi mwaka 2009 watu tisa mashuhuri, wengi wao waimbaji na watangazaji Waingereza, walipanda mlima huohuo, na watu wa kwao wakachanga zaidi ya paundi milioni 3, nyingi zikaja Afrika kwa kazi ya kuzuia malaria. Hata mabenki yetu yameingia katika jambo hili: mwaka 2020 benki ya CRDB ilianzisha mbio za kuchangia watoto wanaopasuliwa moyo, na mwaka uliofuata benki ya NMB ikaanzisha zake za kuchangia matibabu ya akina mama wenye fistula. Na katika nchi ya Kenya, mwaka 2014, Mama Margaret Kenyatta, mke wa Rais, alikimbia Nairobi, kisha akaenda kukimbia mbio ndefu za London, kwa ajili ya magari ya tiba ya akina mama na watoto.

Lakini habari iliyonigusa zaidi ni ya kijana mmoja wa Kanada, jina lake Terry Fox. Huyu alikatwa mguu mwaka 1977 kwa ugonjwa wa saratani. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia toka pwani ya mashariki ya nchi yake, mguu mmoja wa nyama na mmoja wa bandia, akikusudia kufika pwani ya magharibi, ili watu wachange fedha za kutafuta dawa ya saratani. Karibu kila siku alikimbia kadiri ya kilometa 42. Baada ya siku 143 na kilometa 5,373, saratani ilikuwa imeingia mapafuni, naye akasimama. Hakufika. Akafa mwezi wa Juni mwaka 1981, hajatimiza miaka 23. Walakini fedha zilizochangwa zilipita dola milioni 24, na watu wangali wanakimbia kwa jina lake. Nilimwambia yule kijana aisome habari hii mara mbili. Sikujua wakati ule kwa nini neno lile, "hakufika", lilinikaa moyoni.

Tukakubaliana kutembea, wala si kukimbia, maana mimi nina miaka 51. Mwenzetu wa tatu alikuwa kijana mwenye pikipiki ya kubeba abiria. Watu walicheka sana waliposikia ya kuwa mtu wa bodaboda ataiacha pikipiki yake nyumbani atembee kilometa 130. Yeye alisema, "Mimi ndiye niliyembeba mama mmoja hapa mwezi wa tatu, tukaanguka naye matopeni mara mbili." Hakuongeza neno.

Tulipoleta shauri letu barazani, wengi walilipenda. Ndipo akasimama Bibi mmoja, mwenye umri kupita miaka themanini, ambaye wajukuu zake nimewafundisha. Akaniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, wataka tukulipe kwa kutembea?" Watu wakacheka. Akaendelea, "Mimi mama yangu alinibeba mgongoni mpaka Karema, nikiwa mtoto mwenye homa, anipeleke kwa Daktari Atiman. Siku tano kwenda, siku tano kurudi. Nani alimwandikia katika daftari?" Kisha akaketi.

Sikuwa na jibu. Nilisema maneno fulani ya heshima, lakini hayakuwa jibu, naye alijua, na watu wote walijua.

Usiku ule sikulala vema. Maana Bibi alisema kweli. Huku kwetu kutembea si ajabu. Hapo kale wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya frasila mbili, yaani kama kilo 30, toka pwani hata ziwani, wakalipwa nguo na posho, na wengi walifia njiani. Hata leo yuko mama atokaye na kuni asubuhi, yuko mtoto aendaye shule saa mbili kwa miguu, wala hapana mtu awaahidiaye shilingi kwa kilometa. Mtu wa mjini akitembea siku tano ni habari. Mtu wa kijijini akitembea siku tano ni Jumatatu mpaka Ijumaa. Je, si mchezo wa walioshiba, kutafuta taabu kwa hiari mahali ambapo wengine wanaipata bila kuitafuta?

Na huyo Daktari Atiman aliyemtaja, yeye mwenyewe alikuwa mtu wa safari ndefu kupita zetu. Adrian Atiman alizaliwa katika nchi za mto Niger, Afrika ya Magharibi, yapata mwaka 1866. Alikamatwa utotoni na wafanya biashara ya watumwa, akapelekwa kuvuka jangwa la Sahara, mapadre wakamkomboa, wakampeleka shule, akajifunza uganga katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, baada ya kutembea toka pwani pamoja na msafara. Akakaa akitibu na kufundisha mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67. Wazee wa upande wa ziwa wangali wanamtaja kama mtu aliyekufa juzi.

Asubuhi nilikwenda kwa Bibi. Nikamwamkia, nikamwambia, "Bibi, tutakwenda Karema." Maana mwanzo tulitaka kwenda upande wa Inyonga, ambako njia ni nyepesi. Akaniangalia kitambo, akasema, "Nendeni. Mimi siandiki kitu." Nikaona ni haki yake.

Sasa habari ya daftari. Kila mmoja wetu alikuwa na kurasa zake. Mtu akiahidi, tuliandika jina, na fedha kwa kila kilometa, naye akatia sahihi au alama ya kidole. Ukurasa wangu ulijaa watu 38, tangu shilingi 20 mpaka shilingi 500 kwa kilometa, na jumla yao ilikuwa shilingi 4,150 kwa kilometa moja. Tuliweka na sheria moja ambayo nawasihi wengine waishike: chakula chetu na nauli ya kurudi tusizitoe katika fedha za ahadi. Nimesikia ya kuwa wako watu waendao mbali kwa jina la maskini, na gharama ya safari yao ikawa kubwa kuliko kile kinachomfikia maskini. Sisi tulibeba unga wa muhogo, karanga, dagaa, na michembe ya viazi aliyotutilia mke wangu, sufuria moja na chumvi.

Tulitoka Mpanda alfajiri, baridi ya kipupwe ikiuma masikio. Siku ya kwanza tulitembea kilometa 30, ya pili 32, ya tatu 28. Njia yatoka mjini yapita Kagwira, kisha yaelekea machweo ya jua katika pori la miombo. Sitaeleza kila mti. Yatosha kusema ya kuwa ndorobo wa pori lile hawana haya, hupiga sindano juu ya shati. Yule mwalimu kijana alivaa shati la buluu, akateseka kupita sisi, maana wadudu hawa hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Mimi nalijua jambo hilo na nalifundisha darasani, na sikumwambia mpaka mchana wa siku ya pili. Akanisamehe, nadhani.

Jambo lililotushangaza ni ukarimu wa njiani, ambao ulikuwa taabu yetu kubwa. Kila gari lililopita lilisimama. Kila pikipiki ilisimama. "Mmeharibikiwa?" "Hapana, twatembea." "Mwaenda wapi?" "Karema." "Karema! Pandeni!" Tukikataa, walidhani tumegombana na mtu au tumeweka nadhiri. Kijana wa bodaboda ndiye aliyepata shida kuliko wote, maana wenzake wa kazi walimtambua, wakamzunguka kwa pikipiki zao, wakimwuliza kama ameuza yake. Mzee mmoja alitufuata mbio kutoka dukani kwake, akatutia mkononi shilingi 2,000 za nauli, akisema si vema watu wazima kuaibika kwa kukosa nauli. Tulipomweleza habari za ile nyumba alinyamaza. Kisha akasema, "Basi ziandikeni." Akaongeza 3,000. Usiku wa pili tulilala katika boma la Msukuma mmoja mfugaji, akatupa maziwa ya mgando na mahali penye moto. Mkewe alipouliza tunakwenda kwa ajili gani, nikamwambia. Akasema, "Mimi nilizaa wanne porini." Alisema kama mtu ataja idadi ya ng'ombe. Wote wazima? Akasema, "Wawili."

Sasa naja kwenye kosa langu. Kabla ya safari nilikuwa nimenunua viatu vya kukimbilia, vya mtumba, vyeupe, vizuri mno kwa macho. Niliona haya kutembea kilometa 130 na makubazi kuukuu mbele za watu walioniahidi fedha. Kijana wa bodaboda alivaa katambuga za matairi, akafika Karema bila lengelenge hata moja. Mimi siku ya pili vidole vilianza kuungua; siku ya tatu jioni nilipovua viatu soksi ilitoka na ngozi. Nilificha. Naam, nilificha, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wao na mwalimu wao. Asubuhi ya siku ya nne nilifunga kitambaa, tukaanza kuteremkia upande wa ziwa. Mteremko kwa mtu mwenye vidonda ni mbaya kuliko mlima. Goti la kushoto likavimba. Mnamo saa nne homa ikanipanda, nikaanza kutetemeka juani.

Tukapiga hesabu: tulikuwa tumetembea kilometa 14 siku ile. Jumla 104. Zilibaki 26.

Nilitaka kuendelea. Nilimkumbuka John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu, ambaye katika mbio ndefu za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka akaumia goti, na bado akaingia uwanjani amefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Uhabeshi aliyeshinda. Alikuwa wa mwisho katika wote waliomaliza, na dunia imemkumbuka. Nikawaambia wenzangu habari yake. Yule mwalimu kijana akanijibu kwa heshima, lakini kwa ukali, "Mwalimu, Akhwari alikuwa na daktari karibu. Wewe una sisi wawili na chumvi." Wakanikalisha juu ya kichuguu. Likaja lori la magunia ya mahindi, likasimama kama yalivyosimama yote. Safari hii nilipanda.

Wenzangu walikusanya mawe kando ya njia mahali nilipopandia, wakayapanga kama figa kubwa. Sikuwaambia wafanye hivyo.

Juu ya magunia nilizihesabu kilometa 26 kwa macho. Ziwa lilipotokea mbele, jeupe kama bati jipya, watu waliokuwa pamoja nami walisema, "Tazama, Tanganyika!" nami sikupenda kulitazama. Tukapita Ikola, tukafika Karema kabla ya jua kupinda sana. Mganga wa pale alinisafisha vidonda, akanipa dawa, akanigombeza kwa ajili ya viatu, na alikuwa na haki.

Wenzangu waliingia kesho yake mchana, wamejaa vumbi, wakicheka. Tulikula migebuka ya kukaanga pwani ya ziwa. Nikiwa nawangoja nilikuwa nimekumbuka habari moja ya zamani iliyonifariji kidogo. Mwaka 1879 Wabelgiji walipoanza kituo chao Karema, kabla ya mapadre kukipokea mwaka 1885, walileta tembo wanne waliofugwa, kutoka Bara Hindi, wakashushwa pwani karibu na Dar es Salaam ili waone kama wanyama hao wataweza kazi ya wapagazi. Watatu walikufa kabla ya kufika. Mmoja tu aliiona Karema, naye hakuishi sana. Nikajiambia, ikiwa hata tembo walishindwa. Lakini faraja ya tembo si ya kudumu kwa mtu mwenye daftari.

Jioni ile yule kijana wa bodaboda alisema, "Mwalimu, andika 130. Ugonjwa si kosa, na sisi wawili tumefika. Nani atauliza?" Alisema kwa upendo. Na mwalimu mwenzangu, ambaye ni mtu mwaminifu, alinyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa namna ya kukubali.

Nanyi msidhani nilikataa mara moja. Nilipiga hesabu. Kilometa 26 kwa shilingi 4,150 ni shilingi 107,900. Bati moja siku zile lilikuwa shilingi 27,000 katika duka letu. Kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na thamani ya mabati manne, kasoro shilingi mia moja. Mabati manne si ya kwangu. Ni ya mama atakayelala chini yake mvua ikinyesha. Nilijiuliza, je, ni haki kumnyeshea mtu mwingine mvua ili mimi nionekane mkweli? Au je, huu ukweli wangu si namna nyingine ya viatu vyeupe? Nililala na swali hilo. Kusema kweli mpaka leo sijui kama nilipata jibu, au kama niliogopa tu macho ya Bibi yule.

Tuliporudi niliomba baraza. Nikasimama kwa fimbo, nikasema, "Wenzangu wametembea kilometa 130. Mimi nimetembea 104. Zilizobaki nilipanda lori. Kila mtu aliyeandikwa katika ukurasa wangu alipe 104." Pakawa kimya. Kisha yakatokea mabishano, ambayo sikuyatazamia. Mwenye duka, aliyeahidi shilingi 200, alisema atalipa 20,800 na si zaidi, maana ahadi ni ahadi pande zote mbili. Watu wakamzomea, wakamwita mchoyo. Mimi nikasimama tena kumtetea, kwa sababu alisema neno lilelile nililolisema mimi. Wengine wakasema watalipa zote 130, kwa kuwa waliahidi kwa ajili ya nyumba, wala si kwa ajili ya goti la mwalimu. Mmoja akasema kwa kuwa sikufika hatalipa hata senti, na huyo kweli hakulipa. Wako na wengine watano waliofika bei nzuri barazani, na nyumbani kwao hawakupatikana. Jambo hili nimelisikia pia kwa watu wa mijini: kuahidi ni kwa mdomo, kukusanya ni kwa miguu, na kule kukusanya kulinichosha kupita njia ya Karema. Nilizunguka vitongoji majuma saba.

Bibi hakusema neno barazani. Siku ya tatu yake alikuja nyumbani, akaomba aone miguu yangu. Nikaona haya, lakini mke wangu akasema, "Mwoneshe." Akaitazama, akaibonyeza kwa kidole. Akasema, "Mama yangu alirudi hivi." Kisha akauliza, "Hizo ishirini na sita utazifanyaje?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mawe yapo, nimeambiwa."

Basi likizo ya Desemba mwaka uleule nilipanda gari mpaka penye yale mawe. Niliyakuta, nyasi zimeanza kuyafunika. Pamoja nami alikuwa mjukuu wa Bibi, kijana wa darasa la saba, ambaye alitumwa kuhesabu. Alikuwa na kalamu na karatasi, na kazi yake aliifanya bila huruma. Mvua ilitunyeshea toka asubuhi. Nilivaa katambuga. Tulilala Ikola, na kesho yake saa tano tukaingia Karema, matope mpaka magotini. Kijana akaandika 26, akanipa nitie sahihi.

Mwenye duka alilipa shilingi zake 5,200 siku ileile niliporudi, wala hakunipa neno ila, "Karibu soda." Wengine waliokuwa wamelipa 104 wengi wao walitimiza. Bibi alileta kuku jike, akasema si wa mwalimu, ni wa mama wa kwanza atakayelala katika nyumba ile, awe na supu. Nikauliza kama niandike kuku katika daftari. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu habari hizi zianze. "Andika," akasema.

Fedha zilitosha mabati ya chumba kimoja na baraza yake, misumari, na magodoro mawili. Mwezi wa Machi mwaka 2024 alikuja mama wa ng'ambo ya mto, akakaa siku tisa, mto ukiwa umejaa nyuma yake. Alijifungua zahanati usiku wa Jumapili, mtoto wa kike, na mkunga asema kilio chake kilisikika mpaka kwa mwenyekiti. Yule kuku alikuwa ameliwa siku ya kwanza, maana mama alikuja na njaa.

Chumba cha pili kimepungukiwa mabati 18. Mbuzi wangali wanalala humo, na yule mwalimu kijana ameanza kusema habari za kwenda Tabora.